Paa la Majivu na Katani

Watu wa Ndanai wakikuambia mume wangu Nyang'au alikuwa na wazimu, wapuuze. Alikuwa mkaidi tu, na mkaidi anaumiza zaidi, kwa sababu akili anazo na bado hasikii.

Alikuwa akichochea moto wa boila katika kiwanda cha majani chai, upande wa Kericho. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya shamba. Ukistaafishwa, unafungasha virago. Basi tukanunua kipande cha ardhi Ndanai, tukasimamisha kuta. Ikabaki paa, na mabati hatukuyaweza.

Hapo ndipo Nyang'au alipopata maarifa yake. Akaanza kutengeneza vigae: alichanganya majivu ya boila na udongo, chokaa na magadi, akatia nyuzi za katani ili vigae visipasuke. Saruji hakutaka hata kuisikia. Na vilikauka vigumu ajabu!

Jirani yetu Johana, Mkipsigis, alivigonga akauliza, "Hii katani haitaoza humo ndani?"

"Ioze vipi?" Nyang'au akacheka. "Nyinyi mnasugua vibuyu vya maziwa kwa majivu. Sisi tunatia majivu kwenye mahindi yasiharibike. Umeona wapi majivu yakiozesha kitu?"

Jamani, nani angebisha?

Mwaka wa sabini na nne Nyang'au akastaafishwa, tukahamia. Wakati huo vigae vilikuwa vimeshakaa juu ya nyumba muda mrefu. Mvua kubwa ya Aprili ilipopiga, vikaanza kukatika kama muhogo mkavu, mpaka chumba cha watoto kikawa kinatazama mbingu. Niliokota kipande. Katani yote ilikuwa imeliwa, ukiigusa ni unga. Majivu yale makali na magadi ndiyo yaliyoila.

"Baba Osoro," nikamwambia, "tukate nyasi, uezeke."

Akakataa katakata. Eti angetengeneza vingine, apunguze magadi. Kisha akakaa kwenye kigoda akitazama ukuta, siku nenda siku rudi, mvua inatunyeshea, watoto wanakohoa. Nilichemka! Nilimchukia, sifichi.

Kwetu mwanamke hapandi paa la mumewe akiwa hai. Akipanda, ni kama amemzika.

Nilikata nyasi mwenyewe, nikaegemeza ngazi, nikapanda mchana kweupe, Johana na mkewe wakiona. Nyang'au akatoka nje. Hakuniambia nishuke. Alivua kofia, akaanza kunipokeza nyasi, fungu baada ya fungu, akilia.