Mikaratusi Sitini ya Shangazi

Shangazi yangu ana kitalu cha miche nyuma ya nyumba, na mdomo anao pia. Miaka ishirini iliyopita aliambiwa miti huleta maji, akaamini, akapanda mikaratusi sitini kuzunguka chemchemi yetu. Tulimpigia makofi sote. Hakuna aliyeuliza ni miti gani.

Mikaratusi ikarefuka, chemchemi ikanywea. Zamani ndoo ilijaa kabla hujamaliza kumsalimu jirani. Mwaka huu unamsalimu, unamsengenya, na ndoo bado nusu. Watu wakasingizia ukame.

"Ukame gani unaochagua bonde moja?" akasema shangazi. "Bonde la pili hawana mkaratusi hata mmoja, na maji yao yako palepale."

Akachukua shoka. Baada ya wiki tatu alikuwa ameshaangusha ishirini na mitatu, ndipo bwana misitu akafika, jasho likimtiririka. Kukata mti kwenye chanzo cha maji ni kosa, na sheria haiulizi nani aliupanda.

"Mama, unatukaushia chanzo!"

"Kaa kwanza, mwanangu."

Asubuhi ile alikuwa amefunika tawi moja lenye majani la mkaratusi uliosimama kwa mfuko wa nailoni, akaukaza kwa kamba. Sasa jua lilikuwa utosini. Akaufungua taratibu, akamimina kilichomo: maji safi, robo glasi.

"Tawi moja hilo. Mizizi inayavuta chini, majani yanayapeperusha hewani. Hesabu matawi, kisha hesabu miti. Haya, kunywa, chemchemi yetu ndiyo hiyo."

Bwana misitu hakunywa. Alisema kila mti huvuta maji.

"Huvuta, nani kakataa? Lakini mkuyu hula na wenzake. Huyu anakula mpaka sahani. Miche ya mikuyu ninayo tayari."

Bwana misitu akampeleka ofisini kwao, nami nikafuata. Niliogopa, sifichi, ana miaka sitini na minane, na rumande hawatandiki magodoro. Wakamwekea karatasi: akiri amekosea, aahidi hatarudia, aende zake.

"Shangazi, weka sahihi tu yaishe," nikamnong'oneza.

Akavaa miwani, akasoma neno kwa neno, akashika kalamu. Nikashusha pumzi. Kwenye "nilikosea" akaweka sahihi, na kando yake akaandika mwaka alioipanda mikaratusi. Mstari wa pili akaukata kwa wino.

"Hapo kwenye kutorudia mtanisamehe," akamwambia bwana misitu, akimrudishia kalamu. "Imebaki thelathini na saba."