Matangazo ya Macho

Mume wangu alikuwa dereva wa malori tangu kabla hatujaoana, na mimi nilikuwa nachapa hati za forodha katika ofisi ya wakala pale Malaba, mkabala na uwanja wa malori. Yeye alibeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Kampala, mimi nikahakikisha karatasi zimemtangulia. Sikuwa mtu wa kuogopa ovyo. Hofu iliniingia siku aliponiomba nimsomee bei ya dizeli kwenye bango la kituo cha mafuta, nasi tulikuwa tumesimama chini ya bango lenyewe. Alisema jua linamchoma macho. Mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Aliweka kikombe ukingoni mwa meza kikaanguka. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake, alinipa mimi nisome, akilalamika kwamba maandishi ya siku hizi ni madogo mno. Sikumuuliza. Mshahara wake ndio uliosomesha watoto, na katika barabara hii dereva akishasemwa haoni vizuri, hakuna atakayempa funguo.

Badala ya kumuuliza yeye, niliuliza kompyuta ya ofisini. Niliandika kuhusu kuona ukungu na taa zinazotawanyika. Nikasoma kuhusu mtoto wa jicho, kisha kuhusu magonjwa mabaya kuliko huo, nikafunga ukurasa nikijuta kuufungua.

Kesho yake matangazo yakaanza. Nilifungua gazeti kusoma habari za foleni ya malori, nikakuta jicho kubwa lenye utando mweupe likinitazama kutoka pembeni. Nilipofungua ukurasa wa bei ya mahindi, jicho lilikuwa pale pale. Kulikuwa na matone yanayotibu bila kisu, kulikuwa na vidonge vya mitishamba, na kulikuwa na mzee aliyefumba macho chini ya swali: je, umpendaye anapoteza kuona?

Mwenye lori alilokuwa akiendesha mume wangu alikuwa mteja wetu. Alipokuja kufuatilia hati zake hakukaa kwenye benchi kama wengine. Alisimama nyuma ya kiti changu na kutazama nikichapa.

"Mama, hii kompyuta yako kila siku ni mambo ya macho," aliniambia siku moja. "Ni wewe unaumwa?"

"Ni mimi, boss. Hii kazi ya skrini."

"Pole. Enda upimwe mapema."

Aliangalia lile jicho tena, kisha akaniangalia mimi. Huenda hakuwa na neno moyoni, lakini nilikosea nambari ya kontena, nikaanza ukurasa upya.

Jumamosi nilikwenda Amagoro kwa dada mmoja fundi wa kompyuta, tuliyekuwa tunaimba naye kwaya. Nilimwambia nataka matangazo yaishe, sikumwambia kwa nini.

"Hiyo brauza, yaani kivinjari, unayotumia ni ya kampuni inayoishi kwa matangazo," alisema. "Ukiuliza kitu, wenye dawa wanajua kuna mtu ameuliza. Nitakuwekea nyingine, ndogo, na kizuizi cha matangazo ndani yake."

"Ni ya nani?"

"Ya watu wachache tu huko nje. Si ya kampuni kubwa."

"Na wanakula nini, kama hawauzi matangazo?"

"Wanachangiwa na wanaoitumia. Asiyetaka hachangi."

Nilishangaa. Kwetu mchango ni wa harusi au matanga, una mwenyekiti na kikao. Sikuwahi kusikia watu wakichangia dirisha la kompyuta.

Kurasa zikawa safi. Gazeti lilibaki habari tupu, na mwanzoni nilikuwa nalitazama pembeni nikisubiri jicho litokee. Shida ilikuwa moja: mfumo wa forodha haukufunguka kwenye kivinjari kile kidogo, kwa hiyo nilibaki na vyote viwili, na kila mara niliangalia kwanza niko kwenye kipi kabla ya kuandika neno.

Mwenye lori aliporudi alisimama mahali pake pa siku zote.

"Yale matangazo yameisha," alisema. "Umepona?"

"Nimepona," nikasema.

Matangazo yalikuwa yameisha, lakini macho ya mume wangu yalikuwa yale yale, na yalikuwa barabarani wakati huo huo nikizungumza. Simu ikilia nilitazama kwanza ni nambari ya nani. Kama ni ngeni, niliiacha ilie kidogo huku nikijiandaa kwa habari mbaya.

Kisha kivinjari chenyewe kikaleta habari zake. Nilikifungua asubuhi nikakuta barua fupi kutoka kwa waliokitengeneza. Waliandika kwamba michango imepungua na baadhi ya wenzao wameondoka. Kampuni moja ilikuwa tayari kuwalipa ikiwa wangeruhusu baadhi ya matangazo yapite kwenye kizuizi, nao wamekataa. Lakini wasiposaidiwa, hawataweza kuziba mianya inayotumiwa na wezi wa mtandaoni. Niliisoma mara nyingi. Niliona wakishindwa na kukubali matangazo, jicho lile likirudi kwenye skrini, na mwenye lori amesimama nyuma yangu.

Nikachanga. Kadi ya kulipia vitu vya mtandaoni tulikuwa nayo moja tu, na ilikuwa imeunganishwa na laini ya simu ya mume wangu, maana yeye ndiye aliyeitumia kununua spea. Nilisahau kwamba ujumbe wa malipo ungeingia kwenye simu yake.

Jioni hiyo alikuwa nyumbani, amekaa barazani akimenya njugu. Nilipofika alininyooshea simu.

"Nisomee huu ujumbe, mama watoto. Naona kama ni wa pesa."

Ningeweza kumsomea chochote. Ningesema ni bando, au ni deni la umeme, naye angeendelea na njugu zake. Niliusoma kama ulivyoandikwa, pamoja na jina la wale watu wa kivinjari.

"Hao ni akina nani?"

Nilianza kumweleza kuhusu kivinjari, nikajikuta siwezi kueleza kivinjari bila matangazo, wala matangazo bila macho yake. Nikamwambia yote. Hakukasirika. Aliendelea kumenya kwa muda, akitafuta njugu kwa vidole, si kwa macho.

"Bumala, siku niliyopitia njia ya Busia," alisema mwishowe. "Karibu nimgonge mtu wa boda boda pale stejini. Sikumwona kabisa. Nilimsikia akinitukana ndipo nikajua alikuwepo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelala?"

Wiki hiyo tulikwenda kwa daktari wa macho Busia. Ulikuwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Daktari alimkataza kushika usukani kabla ya upasuaji. Mume wangu alikwenda mwenyewe kwa mwenye lori kurudisha funguo, nami nikasubiri nje, nimeshikilia mkoba kwa mikono miwili.

"Amesemaje?" nilimuuliza alipotoka.

"Amesema alijua si macho yako. Lakini hakuahidi kitu."

Lori lilipewa dereva mwingine. Jicho la kulia lilipofanyiwa upasuaji na kupona, na daktari akamruhusu, mwenye lori alimpa gari dogo la kubeba mizigo kati ya Malaba na Eldoret, mchana tu. Jicho la pili bado linasubiri.

Mimi naendelea kuchanga kidogo kidogo, na sasa mume wangu anajisomea ujumbe wa malipo mwenyewe, simu ameiinamisha upande wa jicho zima. Marekebisho ya kivinjari yanachelewa siku hizi, na juzi ukurasa wa benki pia ulikataa kufunguka humo. Nilimpigia fundi wa Amagoro nikamuuliza kama wale watu bado wapo.

"Wapo," alisema. "Kwa sasa wapo."