Bi Bucha na Figo ya Fundi Betri

Shangazi yangu amekata nyama za watu kwa miaka kumi na tisa, ndiyo maana nyumbani tunamwita Bi Bucha. Anakata vipande vilivyogandishwa, vyembamba kuliko karatasi, ili mashine ya maabara ichore ramani ya madini yaliyomo: potasiamu iko wapi, zinki iko wapi, sumu imejificha wapi. Mimi nachapa ripoti katika maabara hiyo hiyo, meza ya mlangoni, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Mjane mmoja alituletea kesi yake. Mumewe alikuwa fundi wa kuyeyusha betri kuukuu kiwandani, akafa kwa figo. Kiwanda kikaandika kwamba pombe ndiyo iliyomuua. Pombe! Mtu ashinde kwenye moshi wa madini ya risasi miaka minane, halafu lawama ipewe chupa. Hospitali ilitupa kipande cha figo ya marehemu, tukakiweka kwenye friza. Mjane alitaka kitu kimoja tu: ijulikane kilichomuua baba watoto wake.

Wiki hiyo shangazi alikuwa anaumwa. Daktari mpya, mwenye vyeti vingi na masikio machache, akajitosa kukata mwenyewe. Alikotoka yeye, ukishaweka kipande juu ya kioo unabandika kidole kwa chini, joto linakiyeyusha, kinashika, unakisuuza, basi. Kwa anayetazama umbo la seli tu, hakuna ubaya. Kwa ramani yetu ni uharibifu mtupu, maana kipande kikiyeyuka madini yanahama na maji. Ramani ikatoka haina risasi. Nikaletewa maneno ya kuchapa: "Hakuna dalili ya sumu."

Shangazi aliporudi aliitazama ile ramani mara moja tu.

"Nani kayeyusha?"

"Hakuna aliyeyeyusha, mama," daktari akasema.

"Potasiamu inakaa ndani ya seli, mwanangu. Hapa imetapakaa kama uji uliomwagika. Usinifanye mtoto."

"Ripoti imeshakwisha. Na kilichobaki kwenye friza ni kidogo mno, tukikiharibu..."

"Tukikiharibu na nani? Ulishaharibu wewe!"

Nilitaka kucheka, ila hasira ilinizidi. Mtu mzima anaona haya kusema nimekosea, na kwa haya hizo yuko radhi marehemu azikwe mara ya pili, safari hii kwa jina la mlevi.

Shangazi alikataa kusaini. Alivaa koti zito, akaingiza mikono kwenye kisanduku cha baridi, akakata kile kipande cha mwisho kikiwa kigumu bado, akakiacha kikauke humo humo bila tone la maji. Vidole vilimfa ganzi, akavifinyafinya kwapani huku akitukana kimoyomoyo. Midomo nilikuwa naiona.

Katika ramani ya pili potasiamu ilitulia ndani ya seli zake, na risasi ikajaa kwenye vijia vya figo, nyekundu tupu. Daktari alipita nyuma yetu akijifanya anatafuta kalamu.

Mjane akaitwa. Shangazi akamwekea kidole kwenye ule wekundu.

"Hii ni risasi ya kiwandani, dada. Inaua figo, inalegeza mwili, mtu anatembea akiyumba kama mlevi."

Mjane aliivuta karatasi ya ramani karibu.

"Alikuwa anarudi akiyumba," akasema. "Ananiapia hajanywa. Nami nikawa namfungia mlango."