Watoto Niliowalea Ndani ya Kompyuta

Siku moja ya soko pale Bwera ingali mbichi kichwani mwangu, mwanangu. Kila nikuonapo ukiinunia kompyuta yako kwa kuwa imejaa, huikumbuka nikacheka peke yangu. Keti nikusimulie.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu juzijuzi tu, nikapanga chumba nyuma ya duka la vitenge la Mama Kavira, mfanyabiashara aliyevuka mpaka kutoka Butembo, nchi ya jirani. Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata kwa Hajji Swaleh, mwenye malori yanayobeba kahawa ya Kyarumba hadi Kasese. Alitaka programu ya simu ya kuwaonyesha wakulima lori lilipo, wasije wakashuka mlimani na magunia kichwani kisha wakalisubiri mchana kutwa. Angeikagua siku hiyo ya soko baada ya swala ya adhuhuri. Isipofanya kazi, kazi angewapa watu wa Kampala.

Unajua mwenyewe kwamba anayeunda programu za simu huhitaji simu bandia, ile inayoishi ndani ya kompyuta, ili aijaribie kazi yake. Kila toleo jipya la simu hiyo lilipotoka nililileta, na la zamani nikalitunza. Tena, kwa kuwa mimi ni wa kabila la Wakonzo, nilizipa simu hizo majina kama tunavyowapa watoto wetu wa kiume, kwa kufuata nani alitangulia kuzaliwa: Mumbere, Bwambale, Baluku, Kule, Thembo. Kitu ukishakiita Baluku, mwanangu, mkono unakuwa mzito kukifuta.

Hajji akaja, akaketi juu ya robota la vitenge. Nikabonyeza. Kompyuta ikagoma: diski imejaa, programu haiwezi kukamilika. Nikatafuta cha kuondoa, macho yakaangukia folda moja nene.

"Mama Kavira, naomba nifute video zako, nipate nafasi."

Aliacha kitenge alichokuwa anakunja. "Video ya mama? Ile iko moja tu, mutoto! Telefoni yenyewe ilikufa. Unataka kumuzika mara ya pili?"

Alisema kweli. Mama yake alifariki Butembo, na video zile nilizinusuru mimi mwenyewe, nikazitia katika kompyuta yangu kabla simu yake haijazima kabisa. Hazikuwapo kwingine kokote.

Hajji akainama kwenye kioo. "Na hizi zingine ni nini?"

Nikamtajia simu zangu, jina kwa jina.

"Astaghfirullah! Kijana umezaa watoto wote hawa ndani ya mashine, na bibi hauna?"

Mama Kavira alicheka hadi akashika ukuta. Hajji hakuniachia.

"Huyu Mumbere akipotea, utamupata tena?"

"Nitamvuta mtandaoni, Hajji. Ni kungoja tu."

"Na mama ya huyu, utamuvuta wapi?"

Nikaanza kumfuta Mumbere. Mama Kavira alimpungia mkono: "Safari njema, mukubwa!" Kwa Bwambale, Hajji aliinua viganja kana kwamba anaomba dua, akashindwa kujizuia, akacheka yeye mwenyewe. Baluku na Kule wakafuata, na nyuma yao vifurushi vya zana za kazi nilizokwisha kuzikabidhi zamani. Nikambakiza Thembo tu, kwa kuwa ndiye niliyemhitaji.

Nikabonyeza tena. Ndani ya Thembo ikatokea ramani, na juu yake lori dogo jekundu, limetulia Kikorongo, penye wachoma nyama. Hajji aliikodolea macho, kisha akachomoa simu yake, akampigia dereva wake.

"Wewe Asumani! Acha nyama, panda gari!"

Tukamsikia dereva upande wa pili akibabaika: "Hajji, uko wapi? Unaniona?" Lori likaanza kusogea. Hajji akanigonga begani kwa furaha, na kazi ikawa yangu.

Kabla Hajji hajaondoka, Mama Kavira aliomba tuitazame ile video ya mama yake. Bibi mmoja mwembamba akatokea, anacheza uani huku akiwafukuza kuku wasiingilie ngoma yake. Mama Kavira akapiga vigelegele, na wateja wakaingia kuuliza ni harusi ya nani. Kesho yake nilimpelekea nakala binti wa Mama Kavira aliyeko Kasese, na nyingine nikaitia katika simu mpya ya Mama Kavira mwenyewe.

Basi, mwanangu, zana zikusaidie, zisikutawale. Kazi ikiisha, ziage bila huzuni. Ukizihitaji utaziita nazo zitakuja. Ila kabla hujafuta kitu chochote, jiulize kama dunia ina kingine kama hicho. Kama haina, kihifadhi pengine kwanza, hata ukiwa na haraka, hata mteja akiwa amekaa mbele yako.

Mungu akubariki kwa kazi zenye faida kwa watu na kicheko ndani ya nyumba yako. Sauti za wale unaowapenda zidumu, wajukuu wako wazisikie.