Deki Mpya ya Mzee

Leo nimeshindwa kumwangalia mteja machoni.

Nauza vyombo vya kusikilizia muziki kwenye duka moja hapa mtaa wa Al Barsha, ughaibuni. Wiki jana alikuja mzee mmoja Mzanzibari na CD ya harusi ya binti yake. Ndani yake mkewe, sasa marehemu, anaimba. Alitaka deki ya CD itakayoitoa sauti yake vizuri.

Nikamwekea CD yake kwenye deki ya bei rahisi, halafu kwenye ya bei ghali.

Hiyo ya ghali niliiongeza sauti kidogo, yeye haoni. Ndivyo tulivyofundishwa kazini. Sikio hupenda kinachosikika zaidi.

Mzee akalia. Akainunua. Nikamwambia ile deki yake ya nyumbani aitupe tu, imeshazeeka.

Leo amerudi. Nikajua nimekwisha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani namsikia vile vile kama zamani. Labda mimi ndiye sijui kuitumia. Hebu niwekee kama siku ile."

Wueh!

Nikaweka CD. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha sauti. Safari hii alikuwa akiuangalia.

Wimbo ulipoisha akanigeukia.

"Kumbe ni hivyo tu?"

Nikaanza kubabaika. Eti nitaongea na meneja tuichukue hiyo mpya, yeye arudie deki yake ya zamani.

"Ile aliichagua mke wangu," akasema. "Nimeshaitupa. Si uliniambia?"

Nyinyi mnaouza vitu huku, mngemjibu nini?

Mimi niliifuta CD yake vumbi, nikampa. Haikuwa na vumbi.