Mikono Iliyotaka Kupiga

Nimeletewa habari kwamba jirani yangu wa zamani, tuliyeishi naye Kisangani, amefariki. Aliyenipa habari aliongeza kwamba msibani watu wote walimsifu kuwa mama mpole ambaye hakuwahi kukasirika. Hapo ndipo nilipoamua kuandika, maana sifa hiyo siiamini. Mnaonisoma mnanijua: mimi ni mtu wa kushuku, na ujanani nilishuku zaidi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado ndio wenye mji. Nilikuwa nimetoka Maniema kumfuata mume wangu, karani, nikiwa na mtoto mchanga. Jirani alikuwa na watoto wanne, na mume wake alifanya kazi kwenye masuwa, zile meli za mtoni zilizoshuka Yanonge na mbele zaidi, asionekane nyumbani kwa majuma. Mara kwa mara, mchana, nilimwona jirani akiwapeleka watoto wote kwa mama mmoja mzee wa nyumba ya pili, kisha akitoka haraka, bila kitambaa kichwani, bila kikapu. Sokoni hakwenda, basi alikwenda wapi? Wanawake bombani walisema ana mwanamume. Mmoja alinong'ona kwamba anatafuta dawa ya kumloga mtu. Mimi nilikuwa na langu: mume wangu alikuwa ameanza kuchelewa kurudi kula mchana, na aliwahi kusema mbele yangu kwamba jirani yetu ana mwendo mzuri. Nikaanza kunusa mashati yake. Chakula kiliungua jikoni huku nikichungulia ua wa mwenzangu.

Siku moja nilimfuata, mtoto mgongoni. Aliteremka hadi kwa wavuvi, karibu na maporomoko, akaingia katika ua mmoja. Nilijibanza nyuma ya nyavu zilizoanikwa, nikingoja kusikia sauti ya mume wangu. Nilisikia mchi. Alikuwa akitwanga pondu ya mwenye nyumba, yale majani ya muhogo, kwa nguvu iliyonitisha, jasho na machozi vikishuka pamoja. Nikajitokeza, nikamwita yaya, yaani dada mkubwa, kama nilivyozoea kumwita.

"Yaya, bwana yangu iko wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Bwana yako? Mimi sijue. Ulinifwata juu ya ile?"

"Sasa unafanya nini hapa?"

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Siku moja nilipiga mutoto wangu wa pili na mwiko. Akaanguka, akanyamaza. Nilizani amekufa. Tangu siku ile, nikisikia hasira inapanda, ninaacha batoto kwa mutu mwenye kutulia, ninakuya hapa. Mikono inataka kupiga. Bon, ipige pondu."

Hata hapo sikumwamini. Nilimgeukia mwenye nyumba, mke wa mvuvi, naye akasema ni kweli: huja, hutwanga, huenda zake, wala haombi hata jani moja. Mume wangu, nilikuja kujua, alikuwa akibakishwa ofisini kunakili barua. Nilirudi nyumbani na aibu yangu, na bombani sikusema neno. Leo nalisema kwa sababu sifa ya uongo haimsaidii marehemu, tena inawaumiza walio hai. Tunawaambia mabinti kwamba mama mwema hakasiriki. Basi anayechemka moyoni hujiona yeye peke yake ndiye mbaya, hujificha, na siku moja mkono humtoka. Jirani yangu alikasirika kuliko sisi sote. Alichojua ni kutambua mapema, na kutoka kabla ya mkono kuinuka, hata watu wakimwita malaya.

Mwanangu alipoanza kuota meno alilia siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilimtikisa, mara moja, na macho yake yakanitisha. Nilimbeba moja kwa moja hadi kwa yaya, yule jirani yangu. "Nipokelee," nilisema. Alimchukua, akamweka begani, wala hakuniuliza ninakwenda wapi. Nilitembea hadi nikachoka, nikarudi, nikampata mtoto amelala.

Ndiyo maana mama akija mlangoni kwako na mtoto mikononi, na macho yake hayakupendezi, usianze kuulizauliza kama nilivyofanya mimi. Mpokee mtoto kwanza.