Makaa Chini ya Upenu

Asubuhi moja ya kiangazi tulikuta makaa ya moto chini ya upenu wa nyumba yetu. Yalikuwa juu ya kigae cha chungu, upande wa ukuta ambako mama alilala akisubiri kujifungua. Nyasi za paa zilikuwa kavu mno, zikivunjika ukizigusa tu, na zile zilizoning'inia juu ya kigae zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia. Hakuna kilichoungua. Baba alisema aliyeyaweka alitaka kutuchoma. Mama alisema alitaka kutusaidia. Nilisimama katikati yao nikinusa ule moshi wa samadi ya ng'ombe, ambao mpaka leo nikiunusa mahali popote huangalia kwanza paa.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Geita, si mbali sana na machimbo ya dhahabu. Wakristo wake walikuwa wa Padri, kule kilimani, na wa Mchungaji, ng'ambo ya korongo. Hawakuoana wala hawakusali kwenye misiba ya wenzao. Baba alikuwa wa Mchungaji mpaka alipokwenda kufanya kazi mgodini, akakutana na seremala mgeni aliyemwuliza ni wapi katika Biblia Mungu aliihamisha Sabato kutoka Jumamosi kwenda Jumapili. Baba alirudi na swali hilo kama mtu aliyerudi na homa. Alimwuliza Mchungaji, naye akakasirika. Akapanda kilimani kumwuliza Padri, naye akacheka. Baba hakuhitaji zaidi. Akatangaza kwamba amelipata kanisa la kweli, na kwa kijiji kizima kanisa hilo lilikuwa nyumba yetu peke yake.

Watu walimwacha aamini anavyotaka mpaka siku ya kuezeka nyumba ya mjane mmoja. Kila kaya ilipaswa kuleta mzigo wa nyasi na mtu wa kufanya kazi, na siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Baba hakwenda. Lakini hakuwa mvivu wala mchoyo, na kesho yake alfajiri alibeba nyasi zake akapanda juu ya lile paa peke yake, akiamini kwamba sasa analipa alichopungukiwa. Hivyo ndivyo walivyomkuta wa Padri na wa Mchungaji, wote wamevaa nguo nyeupe, wakienda kusali.

"Baba Kabula!" mmoja alipaza sauti. "Jana ulikuwa mgonjwa, leo umepona?"

"Mwacheni," akajibu mwingine, "anamwezekea Mungu wake, maana wetu leo amepumzika."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kabla jua halijazama walikuwa wamekaa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, na kwa mara ya kwanza nikawaona watu wa makanisa yale mawili kwenye mkeka mmoja. Mwanangwa alitamka uamuzi kwa sauti ya chini: "Moto hautatoka kwao, wala hautaingia kwao." Kwetu kila mtu aliomba kaa kwa jirani moto wake ukizimika, na mwenye duka la viberiti alikuwa pale mkekani. Lakini kunyimwa moto kulikuwa zaidi ya jiko. Hakuna ambaye angetusalimu, wala kuja tukipiga yowe, wala kumshika mama uchungu ukianza. Mkunga alikuwa jirani yetu Mama Shija, aliyenipokea mimi mwenyewe. Mumewe ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote.

Faini ya kurudishwa ilikuwa mbuzi.

"Toa huyo mbuzi," mama alimwambia baba. "Anayezaa ni mimi."

"Mbuzi si kitu, Mama Kabula. Lakini nikimtoa nimekiri kwamba Jumamosi ni siku ya kazi."

Mama alianza kuulea moto wetu ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, akiulisha samadi kavu na kuufunika majivu. Siku alipougua mgongo asiweze kuinama, ulizimika. Kulipokucha ndipo tukakuta kile kigae.

"Anayetaka kuchoma hafuniki makaa kwa majivu," mama alisema.

"Na anayetaka kusaidia anayaweka chini ya nyasi?"

"Angepigaje hodi, naye amekatazwa?"

Akayaingiza ndani, akapika uji. Baba hakuunywa. Siku chache baadaye mdogo wangu alizaliwa mikononi mwa bibi, aliyetembea kutoka kijiji kingine, na mama alipopata nguvu tulihamia Shinyanga.

Leo naishi Ngokolo, hapo hapo Shinyanga. Mtaa wetu una makanisa ambayo nimeacha kuyahesabu, na vipaza sauti vyao vinashindana tangu Ijumaa jioni. Wajukuu wangu wanasali kila mmoja kwake, na chakula wanakula sinia moja. Watu husema yale yamekwisha. Huenda.

Kabla Mama Shija hajafa nilikwenda kumwona. Nilimpa shikamoo, nikamweleza mimi ni nani, nikamwuliza kama makaa yale yalitoka nyumbani kwake. Alitazama mlangoni alikokaa mumewe, kipofu tayari.

"Nyumba yenu iliungua?" aliniuliza.

"Haikuungua, mama."

"Basi," alisema, akageukia ukutani.